Safu Tatu Zinazokosekana: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Vikundi vya Wakulima

Kwa wakuu wa wizara za kilimo na ushirika, watendaji wa serikali za mitaa, na wakurugenzi wa miradi inayounda na kufadhili vikundi vya wazalishaji.

YAH: KIKUNDI NA MFUKO WA MKULIMA MDOGO

Waheshimiwa,

Ripoti mnazoletewa kila mwaka zina idadi ya vikundi vilivyosajiliwa, idadi ya wanachama, asilimia ya wanawake na hesabu ya mafunzo yaliyotolewa. Hazina safu ya kilo ambazo mwanachama alipitishia kwenye kikundi. Hazina safu ya siku alizosubiri malipo. Wala hazina safu ya kilichobaki mkononi baada ya makato. Sisi ni wapimaji, watunza ghala na waandishi wa daftari za vikundi, na tunawaandikia kwa ajili ya safu hizo tatu.

Tuseme kwanza kikundi kinafaa kwa nini, maana siku hizi wako wanaokibeza bila kujua kazi yake. Lori la tani 10 hubeba magunia 100 ya kilo 100. Likisafiri nusu tupu, mafuta ni yaleyale na dereva ni yuleyule. Mkulima mwenye magunia matatu ya mahindi ya kuuza hawezi kuliita lori, kwa hiyo anangoja mwenye lori amfuate na kumpangia bei. Wakikusanyika wenye magunia matatu matatu mpaka lori lijae, lori ndilo linaloitwa. Faida kubwa ya kwanza imekaa hapo. Ya pili ni mzani. Penye mzani wa kikundi lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo chake, inakosa nafasi, kwa sababu gunia linauzwa kwa kilo zake hata lishonwe kilemba cha namna gani.

Sasa fanyeni hesabu ya lori hilo na vikundi mnavyoviunda. Ili lijae kwa magunia matatu kila mtu wanahitajika watu 34. Kikundi cha watu 20, ambacho miradi mingi inakipenda kwa kuwa kinaenea chini ya mwembe mmoja siku ya mafunzo, kinatoa magunia 60. Pengo la tani 4 linalipiwa na hao 20, tena bila kuambiwa. Kwa maziwa au asali watu 20 wanaweza kuwa wengi wa kutosha. Kwa nafaka, viazi au mihogo, kikundi hicho kinahitaji kuungana na kingine angalau kimoja kabla ya kumwita mnunuzi yeyote. Ukubwa wa kikundi upangwe baada ya kujulikana zao ni lipi, linabebwa na nini, na kila kaya ina ziada ya kiasi gani ikishaweka akiba ya chakula. Leo unapangwa kwenye andiko la mradi kabla zao lenyewe halijachaguliwa.

Tuje ghalani, ambako vikundi vingi hufia. Mwanachama analeta gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18. Ndani yake mna kilo 82 za nafaka kavu, zilizobaki ni maji. Nafaka hiyo ikikaushwa mpaka asilimia 13.5, kiwango ambacho mahindi yanahifadhika, gunia litakuwa na kilo 94.8. Kilo 5.2 zimeruka hewani na hakuna aliyeziiba. Kikundi kilichoandika 100 kwenye daftari kinadaiwa 100, na mnunuzi analipia 94.8. Yakiwa magunia 40 ya namna hiyo kati ya 100, siku ya kuuza ghala linapungukiwa kilo 208. Upungufu huo hukatwa kwa wote sawasawa, kilo mbili na kitu kwa kila gunia. Aliyeanika mahindi yake wiki mbili kwenye turubai anamlipia aliyeleta yakiwa na umande. Msimu unaofuata naye hatayaanika. Msimu wa tatu ghala zima linanuka uvundo, na watu wanasema mtunza ghala ni mwizi.

Dawa yake ni kipima unyevu mlangoni, na kanuni moja: nafaka iliyozidi asilimia 13.5 inarudi kuanikwa, au inapokewa kwa uzito uliopunguzwa papo hapo mbele ya mwenyewe. Kipimo kikikosekana, kuna njia ya chumvi. Chukua chupa ya kioo kavu kabisa, itie mahindi mpaka theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 na gunia lisiingie. Chumvi isipoganda bado usijiamini, kwa sababu njia hii haitofautishi asilimia 14.5 na 13. Inawakamata waliozidi sana tu.

Sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu kwenye nafaka, ina shida yake ya pekee. Haisambai sawasawa: punje chache kwenye kona moja ya gunia zinaweza kuuangusha mzigo mzima. Kuchota konzi moja juu ya gunia la kwanza na kuridhika ni kujidanganya. Bambo, kile chuma cha kuchomea gunia na kuchotea sampuli, liingie kila gunia juu, katikati na chini, sampuli zichanganywe, zipunguzwe nusu kwa nusu, kisha zipimwe. Na lazima kila gunia liwe na namba ya mwenye mali. Bila namba, mzigo ukikataliwa adhabu inawaangukia wote, na aliyehusika hajui hata kwamba ni yeye. Wafugaji wa wilaya ya Kaira nchini India, walioanzisha ushirika wao wa maziwa mwaka 1946, walijenga utaratibu wa kupima mafuta katika maziwa ya kila mwanachama na kumlipa kwa kipimo chake, kwa hiyo anayetia maji anajipunguzia mwenyewe. Kikundi cha nafaka kinachochanganya mali ya wote bila kuipima kimetoa ruhusa ya kutia maji.

Sasa malipo, na hapa tunaomba mtusome taratibu.

Kila mwaka tunasikia maofisa wakilalamika kwamba wakulima hawana uaminifu, wanajiunga na kikundi halafu wanauza pembeni kwa mlanguzi. Tuchukue mfano wa kubuni, bei zikiwa vipande badala ya fedha ya nchi yoyote. Mlanguzi anatoa vipande 100 shambani, leo. Kikundi kimepata mnunuzi wa vipande 125, na kwenye mkutano watu wanapiga makofi. Kisha toeni usafiri 9, magunia na upakiaji 4, ghala na dawa ya wadudu 3, ushuru 3, mchango wa kikundi 2, upungufu wa uzito 1. Jumla ya makato ni 22. Mkulima anabaki na 103, na anazipata baada ya siku 45 kwa sababu mnunuzi mkubwa hulipa mzigo ukishapokewa na kukaguliwa kwake. Katika siku hizo 45 kuna ada za shule na kibarua aliyevuna ambaye hajalipwa. Mkulima anakopa 100 mtaani kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, na kwa mwezi mmoja na nusu riba ni 7.5. Amebaki na 95.5. Mlanguzi alikuwa anampa 100.

Huyo aliyeuza pembeni amepiga hesabu sawasawa. Mkimfundisha uzalendo wa kikundi mwaka mzima, hesabu itabaki ileile.

Hesabu yenyewe inabadilishwa na mambo mawili, malipo ya awali na wepesi wa kuuza. Kikundi kikimpa vipande 70 siku anayoleta mzigo, anakopa 30 tu, na riba kwa siku 45 ni 2.25. Anabaki na 100.75, ushindi mwembamba mno. Siku 45 zikishuka mpaka 14, riba ni 0.7 na anabaki na 102.3. Hapo kikundi kimemshinda mlanguzi kweli, ingawa si kwa 25 zilizotangazwa mkutanoni. Semeni ukweli huo tangu mwanzo. Mwanachama aliyeahidiwa 125 akaletewa 102 anaona ameibiwa, hata kama kila kato lina stakabadhi.

Malipo ya awali yanadai mtaji, na hapo ndipo tunapoambiwa hakuna fedha. Mtaji wenyewe si mkubwa kama unavyodhaniwa. Kikundi kinachotarajia tani 60 kwa msimu hakihitaji fedha ya tani 60. Kikikusanya tani 10, kikauza, kikalipwa ndani ya wiki mbili, fedha ya lori moja inazunguka mara sita katika wiki 12. Kinachotakiwa ni asilimia 70 ya bei ya shambani kwa lori moja, na kitabu cha mfuko huo peke yake kisichoguswa kwa posho wala kwa sare. Ukiona mfuko huo umepungua katikati ya msimu, usiulize mengi. Kuna mzigo umetoka kwa mkopo kwa mnunuzi asiyejulikana, au kuna kiongozi amekopeshwa.

Mkopo wa pembejeo unaorudishwa kwa mazao una mtego wake. Ukikata deni lote kwenye mzigo wa kwanza, mwanachama anafika mzanini na magunia matatu, anaondoka na karatasi. Mke wake na majirani wanaiona hiyo karatasi. Mzigo wa pili unapita njia ya nyuma usiku. Kateni kwa mafungu, mathalani theluthi ya thamani ya kila mzigo, ili kila akija aondoke na kitu mkononi. Nayo dhamana ya pamoja, ya wanachama kulipiana deni, ina mpaka wake. Inafaa mmoja akiugua au ng'ombe wa mmoja akifa, kwa kuwa 33 wanaweza kumbeba mmoja. Mvua ikikatika, wote 34 wamekosa siku moja, na dhamana yao ni ya maskini kumdhamini maskini mwenzake. Mkopo wa msimu usio na bima wala nafasi ya kuahirisha deni ukame ukitokea huvunja kikundi kilichokuwa kizima, tena huvunja na undugu.

Kuhusu kuagiza mbolea kwa pamoja hatuna mengi. Orodha ifungwe wiki 10 kabla ya mvua, kila mtu atoe arubuni, mzigo uwe ghalani wiki tatu kabla ya kupanda. Mbolea ya kupandia ikifika mahindi yako magotini, punguzo la bei mlilojadiliana halina maana tena.

Mtatuuliza: je, wanachama hawana kipato kizuri kuliko wasio wanachama? Mara nyingi takwimu husema hivyo, na takwimu hizo zisomwe kwa jicho kali. Wanaojiunga mapema kwa kawaida ni wenye shamba la wastani, karibu na barabara, wenye ziada ya kuuza na muda wa mikutano. Wangewazidi wenzao hata kikundi kisingekuwapo. Utafiti kuhusu vyama vya ushirika vya nafaka nchini Ethiopia, uliochapishwa mwaka 2008, uliona kwamba vyama viliwapatia wanachama bei bora, lakini kwa wastani sehemu ya mavuno waliyouza haikuongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Ndani ya wastani huo wakulima wakubwa kidogo waliuza zaidi, na wadogo zaidi waliuza pungufu. Kwa anayejua kaya hizo hili halishangazi. Mwenye magunia manne akipata bei nzuri kwa mawili, anatimiza haja yake ya fedha na kubakiza mawili jikoni. Kwake hiyo ni faida kamili, ila kwenye ripoti yenu anaonekana ameshindwa kuingia sokoni. Msimlazimishe auze zaidi ili lengo la mradi litimie.

Wanawake wahesabiwe kwa namna nyingine kabisa. Asilimia yao kwenye rejista haisemi nani anapokea fedha. Zao likianza kulipa, mara nyingi mikono inabadilika. Utafiti wa vikundi vya wakulima wa ndizi nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba biashara ya zao hilo ilipokua kupitia vikundi wanaume walizidi kushika mapato yake, na kwamba mwanamke alipokuwa yeye mwenyewe mwanachama hali hiyo ilipungua. Kwa hiyo uanachama uandikwe kwa mtu, usiandikwe kwa kaya. Mume na mke waruhusiwe wote wawili, hati ya shamba isiwe sharti, na malipo yaende kwenye simu au akaunti ya aliyeleta mzigo. Mkutano wa saa moja jioni, wakati wa kupika, umeshachagua nani atapiga kura.

Mashine. Mtusamehe tukisema kwa ukali kidogo. Mashine ya kukoboa tani moja kwa saa, ikifanya kazi saa 8 kwa siku 200, inahitaji tani 1,600 kwa mwaka. Kikundi cha tani 60 kinaipa kazi ya saa 60. Zilizobaki inakaa, panya wanakula mikanda, fundi anataka mshahara, na mahali pengine umeme una malipo ya kila mwezi hata usipowashwa. Kabla ya kukata utepe, ulizeni tani ngapi zimepita mikononi mwa kikundi hicho misimu miwili iliyopita. Kama jibu halipo kwenye daftari, kikundi hakihitaji mashine. Kinahitaji daftari.

Daftari lenyewe ni kitu kidogo sana. Stakabadhi ya nakala tatu: moja ya mwanachama, moja ya mtunza ghala, moja inabaki kitabuni. Ina tarehe, namba ya mwanachama, namba ya gunia, unyevu, uzito, alichopewa siku hiyo, na sahihi mbili. Anayepima asiwe anayeandika, na mwenye ufunguo wa ghala asiwe mwenye fedha. Kila Ijumaa kilo zilizoingia zitolewe kilo zilizotoka, jibu lilinganishwe na magunia yaliyomo, na tofauti iandikwe ukutani kwa kalamu nzito. Tofauti ikizidi kilo moja kwa gunia, watu waelezwe wiki hiyohiyo. Ikisubiri mkutano mkuu, imeshakuwa uhasama. Bakaa ya mwisho wa msimu igawanywe kwa kadiri ya kilo mtu alizopitishia kikundini, kwa mantiki ileile ya wale 28 wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, waliogawa ziada kwa kadiri ya manunuzi ya kila mwanachama. Kugawa sawa kwa sawa kunamlipa aliyeleta gunia moja na kuuza tisa pembeni.

Mzani wa kuning'iniza nao ukaguliwe kila asubuhi. Ning'iniza gunia tupu, rudisha mshale kwenye sifuri, kisha tundika jiwe la kilo 20 lenye muhuri na usome. Hitilafu ya kilo mbili kwa gunia ni magunia mawili kwa kila lori.

Baada ya hayo, tunayoyaomba ni machache. Acheni kufanya kikundi kuwa mlango pekee wa ruzuku. Mlango ukiwa mmoja watu wanaunda vikundi hewa: majina 30, mihuri mipya, akaunti yenye fedha ya kufungulia tu, na siku ya kwanza baada ya mbolea kugawiwa hakuna anayemjua katibu. Msimlazimishe mkulima kuuza kupitia kikundi kwa amri wala kwa vizuizi barabarani. Misingi ya ushirika iliyopitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Ushirika (ICA) mwaka 1995 inaanza na uanachama wa hiari, na ule wa nne ni uhuru wa chama kujiendesha. Kikundi chenye wateja wa lazima hakina sababu ya kulipa haraka. Utaratibu wa kujitoa nao uandikwe: siku ngapi, na hisa inarudishwa lini. Mtu asiyejua atatokaje hawezi kuingia kwa moyo mweupe.

Tena, badala ya kugawa fedha ya mafunzo ya siku tatu hotelini, lipieni mwandishi wa daftari wa misimu miwili na mkaguzi mmoja anayezunguka vikundi kumi. Baada ya misimu hiyo kikundi kimlipe mwandishi kwa mchango wake wenyewe. Kikishindwa, mtakuwa mmejua mapema kwamba biashara haipo, na hilo ni jambo jema kulijua mapema.

Na zile safu tatu ziingie kwenye fomu ya ripoti. Ya kwanza, kilo zilizopita kwenye kikundi zikigawanywa kwa kilo ambazo wanachama waliuza kwa jumla. Ya pili, siku kati ya kuleta mzigo na malipo ya mwisho, ikitajwa ya mwanachama aliyesubiri kuliko wote, maana wastani huwaficha waliosubiri sana. Ya tatu, fedha iliyobaki baada ya makato yote kwa kilo moja, ikiandikwa kando ya bei ambayo mlanguzi alitoa shambani wiki ileile. Kikundi ambacho safu ya tatu inaonyesha mlanguzi ameshinda misimu miwili mfululizo kiulizwe sababu, na kama haina dawa, kifungwe kwa heshima na hisa za watu zirudishwe.

Fomu hiyo ikifika maghalani kabla ununuzi haujafunguliwa, tunaweza kuijaza msimu huuhuu. Atakayeileta aje na jiwe la kilo 20.

Wenu katika kazi,

Wapimaji, watunza ghala na waandishi wa daftari za vikundi vya wakulima